Shapu ya Mkunga wa Mamelodi

Mkunga wa zahanati ninayofagia hapa Mamelodi ana neno moja la Kiingereza, "shapu", yaani safi, na hulitumia kwa kila jambo. Ni salamu yake, ni kwaheri, ni asante. Sindano ni shapu, na mama anayesukuma vizuri naye ni shapu. Leo asubuhi mtoto wa Refilwe alizaliwa kimya. Mkunga akamsugua mgongo kwa taulo, akampulizia hewa kwa mfuko wa kupumulia.

"Sista, mbona halii?" Refilwe aliuliza.

Ghafla mtoto akalia, sauti ikafika hadi koridoni, bibi yake akapiga vigelegele. "Huyo ni wa kwaya," alisema mlangoni. Mkunga akafungua mdomo, lakini "shapu" haikutoka. Akacheka huku akilia, akamlaza mtoto kifuani mwa mama yake.