Upande Wangu wa Pazia

Mama ananiita baba. Nilipewa jina la baba yake mzazi, na kwetu hapa Nambale mtoto akibeba jina la mzee anabeba na heshima yake. Kwa hiyo tangu nikiwa na kamasi nimekuwa nikitumwa dukani kwa adabu: "Baba, hebu niletee chumvi." Heshima hiyo sikuwahi kuifanyia kazi. Dada zangu wawili walitoka, mmoja akaolewa ng'ambo ya Malaba, upande wa Uganda, mwingine akaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani kupumzika kidogo, na mpaka leo napumzika. Natengeneza redio na simu barazani. Safari yangu ndefu ni kwenda Busia kutafuta vipuri, na nikifika huko naanza kuulizia gari la kurudi.

Mama alipopatikana na saratani ya mlango wa kizazi, dada wa Uganda ndiye aliyekwenda naye Eldoret kwenye mionzi. Wiki zile zote nilibaki na kuku. Walipomaliza alimleta nyumbani, akakaa kidogo, kisha mume wake akaanza kupiga simu za kuuliza hali ya mgonjwa ambazo zilikuwa za kuuliza nani anampikia yeye. Dada akaondoka. Aliniachia chupa ya mofini ya maji, sirinji ya kupimia isiyo na sindano, pakiti ya vidonge vya kulainisha choo, na neno moja: "Usicheze na saa."

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kwetu kijana akishatahiriwa na kujenga simba yake, kile kibanda cha mtu ambaye hajaoa, haingii tena chumba cha kulala cha mama yake. Sebuleni anaingia, jikoni anaingia hasa akiwa na njaa, lakini penye pazia la chumba ndipo mwisho wa barabara. Na mimi nina makosa mawili: ni mwana, na ni baba yake. Jirani, mama wa kanisani, alikuwa akija asubuhi kumwogesha na kumbadilishia shuka, halafu anakwenda shambani kwake. Siku iliyobaki ilikuwa yetu wawili, pazia katikati.

Nilipima dawa mezani, nikaingiza mkono pembeni mwa pazia kama mtu anayelisha ng'ombe mkali. Mkono wake ulichukua sirinji, na baada ya muda ukairudisha ikiwa tupu.

"Umekunywa, mama?"

"Nimekunywa, baba. Ni chungu."

"Pole."

"Pole ya nini, ni wewe uliipika?"

Nilijiona mganga mkuu wa wilaya. Dada akipiga simu nilimweleza saa zote kwa sauti ya mtu wa redio. Lakini maumivu hayakusoma ile ratiba yangu. Mama hakuwa mtu wa kulia. Uchungu ukija alianza wimbo wa kanisani, polepole, na nikajua kiasi cha uchungu kwa mahali wimbo ulipokatikia. Kuna siku haukupita mstari wa kwanza. Nilikaa kwenye kochi nikiangalia maua ya pazia, nikamalizia ule wimbo moyoni kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Redio ya mteja ilikuwa mapajani, imefunguliwa tumbo. Hiyo ningeweza kuitazama ndani.

Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea. Wao waliingia chumbani, mimi nikaachwa na sufuria.

"Mkamwana wa hii boma," mmoja wao aliita kutoka ndani, "chai imeiva ama bado unajipodoa?"

"Bado kidogo," nikajibu.

"Sauti ya mkamwana ni nzito," akasema, na wote wakacheka, na Mama pia akacheka, kisha nikamsikia akishika pumzi. Walipoondoka nyumba ilinyamaza kuliko kabla hawajaja.

Muuguzi anayeshughulika na wagonjwa wa maumivu kule Busia alinipigia siku moja mchana kujua tunaendeleaje. Nikamwambia dawa inaenda kwa saa lakini haisaidii, labda aongeze.

"Anasinzia?"

"Hapana."

"Anaenda choo vizuri?"

Swali hilo mimi ningelijuaje? Nikamwomba asubiri. Nikasimama mbele ya pazia, nikakohoa.

"Mama, muuguzi anauliza kama… njia iko wazi."

"Njia gani?"

"Ile njia."

"Mwambie iko wazi kama barabara ya Malaba siku ya uchaguzi."

Nilirudi kwenye simu na habari njema. Hata vile vidonge vya kulainisha, nikasema kwa majivuno, hatujafungua pakiti.

"Boss," muuguzi akasema, "mofini hufunga tumbo. Karibu kila mtu. Wiki nzima bila hivyo vidonge, na hasinzii, na uchungu uko pale pale? Huyo mama hanywi dawa. Wewe unamwona akimeza?"

Nikamweleza habari ya pazia. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

Nilikaa na hilo neno mpaka jua likageuka. Ningeweza kukasirika, lakini hasira kwa pazia ni kazi ya bure. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu nalo.

"Mama. Hiyo dawa unaimwaga wapi?"

Kitanda kililia. "Kwa beseni," akasema. Hakujaribu hata kudanganya.

"Kwa nini?"

"Yule mama wa pale chini kwa mto alipewa chupa kama hii. Hakuimaliza."

"Alikuwa mgonjwa kabla ya chupa."

"Najua. Sijasema chupa ndiyo ilimuua." Akapumzika. "Siku ya kwanza nilikunywa, baba. Kichwa kikawa chepesi, miguu ikawa ya mtu mwingine. Nikajiuliza, nikianguka hapa kati ya kitanda na ukuta, nani ataniokota? Jirani yuko kwa mahindi. Wewe utasimama hapo uniulize kama njia iko wazi?"

Niliushika ukingo wa pazia, kitambaa alichokishona mwenyewe. Nikauachia. Alikuwa ameona vidole vyangu.

"Usiingie," akasema. "Nikipona nitakuwa na aibu, na wewe utakuwa na aibu, na tutakaa hapa wawili na aibu zetu."

"Basi tufanye nini?"

Alifikiria muda mrefu, au alikuwa anangoja uchungu upite. Kutoka upande wangu ilikuwa vigumu kujua.

"Sebuleni unaingia?"

"Naingia."

"Basi toa hayo makochi."

Kitanda changu kisingefaa, kwani mzazi halali kwa kitanda cha mwanawe. Asubuhi jirani alikuwa amechelewa, na Mama hakutaka kungoja. Akaanza kusukuma godoro lake kutoka ndani. Lilitokeza pembe chini ya pazia. Nikalivuta. Yeye anasukuma, anapumzika, anaimba kidogo, anasukuma. Mwisho akatoka yeye mwenyewe ameshika ukuta, na nikamwona kwa mchana. Alikuwa amekonda kiasi kwamba nilitazama godoro.

"Umeshaangalia sana," akasema. "Lete hiyo dawa."

Aliimeza mbele yangu, akakunja uso, akafungua mdomo kunionyesha kama mtoto wa chekechea. Akalala. Wimbo haukuanza. Nilikaa kwenye kigoda nikisikiliza pumzi zake, nikaogopa kila moja, mpaka nikazoea.

Akina mama wa kanisa walisema mgonjwa halali sebuleni kama mgeni. Mama aliwajibu kwamba kweli amekuja kunitembelea. Tumbo likafunga, vidonge vikafunguliwa, papai likanunuliwa, na tukazungumza habari za ile njia bila aibu. Nilimshika mkono kwenda choo cha nje, nikageuka kutazama migomba. Sijawahi kuwa karibu na mtu hivyo, na sidhani nitakuwa tena.

Mionzi iliendelea kufanya kazi yake polepole hata baada ya kuisha. Muuguzi akapunguza dawa kidogo kidogo, kisha akasema basi. Kwenye kipimo cha Eldoret daktari alisema anaridhika, turudi baadaye. Siku ile ile tuliyorudi, Mama alitaka chumba chake. Jirani ndiye aliyemsaidia kuingiza godoro. Mimi nilirudisha makochi.

Sasa anajiogesha, anapalilia, Jumapili anakwenda kanisani na kunisengenya huko. Nafurahi, na sina mtu wa kumwambia kwamba sebule imekuwa kubwa. Saa ya dawa ya mchana ikifika bado nasimama, mikono mitupu. Jana alikuwa amejipumzisha ndani. Nikasogea.

"Mama, umelala?"

"Nimelala, baba. Unataka nini?"

Nilisema nataka kujua tu kama atakunywa chai. Akasema hapana, asante, atakunywa akiamka. Nikapika hata hivyo.