F ya Sakinah

Sakinah binti Swabur anauza mitumba Busia, upande wa Uganda. Ukimwuliza kwa nini hakumaliza chuo, atakukatiza: "Nilianguka, basi," kisha akuonyeshe sweta. Hapo usiendelee, utanuniwa.

Alikuwa anasomea uuguzi Tororo, kwao. Chuo chao hakikubandika alama ubaoni, kilibandika herufi tupu, eti wanafunzi wasidharauliane. Haya! Siku ya matokeo baba yake, dereva wa malori, aliegesha langoni akaenda kusoma mwenyewe. Akaikuta F kwenye somo la dawa. Sakinah alitaka kwenda ofisini kuuliza amepata ngapi. Mzee akang'aka: "F ni F! Binti yangu haendi kuomba-omba kwenye milango ya watu. Panda gari." Akapanda, na kwa aibu hakukanyaga tena pale.

Juzi alikuja mama mmoja kuchagua sweta, akamkazia macho. Kumbe ni Madamu Benedeta, aliyemfundisha somo lile lile.

"Sakinah! Ulipotelea wapi wewe? Tulikungoja."

"Kunigoja kwa nini, Madamu? Si nilifeli?"

"Ulipata arubaini na tisa. Kupita ni hamsini. Nyinyi mliokaribia mlikuwa mnarudia mtihani tu, ila ilibidi mtu aje ofisini aombe. Wenzako walikuja."

"Naweza kuja sasa?"

Madamu akairudisha sweta kwenye rundo. "Muda ulishapita, mama. Hata kozi yenyewe ilifungwa."

Arubaini na tisa! Masikini, miaka yote hiyo Sakinah alidhani alipata sifuri, au kitu jirani na sifuri. Ile herufi ingemwambia nini? Alifunga biashara mapema, akalia njia nzima kurudi Tororo, hasira imempanda. Aliapa leo baba yake atayasikia yote.

Mzee alikuwa kitandani. Kidonda cha sukari mguuni kilikuwa kimefumuka tena. Sakinah akanawa, akakisafisha, akafunga bendeji mpya taratibu. Mzee hakuguna hata kidogo.

"Mikono unayo, mwanangu," akasema. "Ungekuwa nesi mzuri sana wewe. Kichwa tu ndicho Mungu hakukupa."

Maneno yote aliyotoka nayo Busia yalimjaa mdomoni. Akautazama ule mguu.

"Ndiyo, Baba," akasema, akaenda kumwaga maji.