Siku Tuliyomtoa Ganza Kwenye Fremu

Siku yangu ya kwanza kazini nilichora mikono tu. Nilikuwa nimehamia Kigali na wazazi wangu kutoka Karagwe, upande wa Tanzania nilikolelewa, na jarida moja la watoto, ambalo siku hizi halipo, lilikuwa limeniajiri kama mchoraji msaidizi. Mkuu wa Michoro alikuwa mzee mfupi mwenye Kifaransa kingi na Kiswahili kidogo. Hakunionyesha meza yangu. Alinipa penseli, akasema, "Madamu, chora mkono wa mtu anafungua barua." Nikachora. Akautazama, akaguna. "Sasa mkono ule ule, lakini mwenyewe hataki kufungua."

Nilikwama pale hadi saa sita mchana. Karatasi zilijaa chini ya kiti. Kisha nikajaribu kumfanya mtu aishike bahasha kwa ncha za vidole viwili, kama anayeshika kitu cha moto, na kidole gumba kikiwa kimejificha. Mzee aliichukua ile karatasi akaibandika ukutani. Nilirudi nyumbani kwa miguu huku nikicheka peke yangu barabarani. Nilikuwa nimegundua kwamba hofu inaweza kukaa kwenye kidole gumba, na kwamba kuna watu wanalipwa kuitafuta.

Ni yeye aliyenifundisha msamiati wa kazi. Kila kisanduku cha picha ni fremu. Lile wingu lenye maneno ya mhusika ni kiputo. Nafasi nyeupe kati ya fremu na fremu tuliita mfereji, na mzee aliupenda mfereji kuliko michoro yenyewe. "Sisi tunachora kabla na baada," alikuwa akisema. "Katikati, msomaji anachora mwenyewe."

Baada ya jarida nilihamia vitabu vya shule, kisha vijitabu vya afya, ambako nilichora mbu wengi kuliko watu. Nilikuwa nimekaribia miaka hamsini, macho yakianza kudai miwani, nilipopigiwa simu na Mkurugenzi wa studio moja changa ya Kimihurura, mtaa wa hapa Kigali. Alikuwa mwanamke mrefu aliyekulia Uganda, mwenye haraka katika kila kitu, hata katika kukaa. Studio yake ilitengeneza katuni za kusoma kwenye simu: hakuna kurasa, msomaji anateremka kwa kidole, fremu zikimfuata moja baada ya nyingine.

"Mama, umeshachora mapenzi?" aliniuliza.

"Nimechora mbu," nikamjibu.

Alicheka, akaniajiri.

Aina ya hadithi tuliyotengeneza tuliita mapenzi yenye giza. Ni hadithi ambamo kupenda na kuogopa vinalala kitanda kimoja: mpenzi mwenye siri, mpenzi anayetaka kummiliki mwenziwe, mapenzi yanayoacha kovu. Wengine walitudharau, wakasema ni upuuzi wa wasichana. Sikukubali wakati ule na sikubali leo. Watu wazima huisoma hofu kwa hiari ili waitazame wakiwa mahali salama, na kuwachorea ni kazi nzito. Nilikuwa naingia studio asubuhi nikiwa na hamu kama ya mtoto siku ya sikukuu.

Hadithi yetu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Ganza na Teta. Ganza ni kijana mtanashati, mpole wa sauti, aliyemwona Teta mara moja akashindwa kumsahau. Anamfuata kazini. Anajua dirisha lake. Anamwachia maua mlangoni bila jina. Katika sehemu iliyosomwa sana, Ganza anasimama kwenye mvua mbele ya nyumba ya Teta mpaka Teta anafungua mlango. Niliichora mimi, na nilijivunia. Rangi zilipakwa na Shakila, binti wa fundi cherehani wa Nyamirambo, mtia rangi bora niliyewahi kufanya naye kazi. Nilimwambia, "Mwanga unaomwangukia Ganza uwe wa asali." Akaupaka wa asali. Wasomaji wakaandika kwamba na wao wanamtaka Ganza wao.

Asubuhi moja Shakila alikuja mezani kwangu akaweka karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliniita Tantine, kama vijana wa hapa wanavyowaita wanawake wa umri wangu.

"Tantine, isome. Lakini usiseme chochote kwanza."

Ilikuwa fremu yetu ya mvua, imechapwa kwenye karatasi ya kawaida. Chini yake mtu ameandika kwa kalamu, kwa mwandiko safi: *Teta alifungua. Na wewe utafungua.*

Nilimtazama. Alikuwa amesimama wima, mikono nyuma.

"Nani?"

"Mteja wa baba. Alishonesha suti mara moja tu. Huu ni mwezi wa saba tangu hapo. Ananitumia ujumbe kwa namba mpya kila nikifunga ya zamani. Anajua siku ninazoenda Kagugu kwa dada yangu. Hajawahi kunigusa, hajawahi kunitukana. Nikimwambia baba, ananijibu kijana ana adabu, anasalimia watu wote."

"Na wewe ulikuwa unampaka Ganza rangi muda wote huo?"

"Uliniambia asali," akasema. Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliniuma.

Nilimwomba radhi. Kisha nikamwambia aitunze ile karatasi isichafuke wala isitupwe, pamoja na kila ujumbe uliobaki kwenye simu. Tukaenda pamoja kwa Mkurugenzi.

Siku hiyo tulikuwa na mzozo, kwa sababu sehemu iliyofuata ilikuwa ya Ganza kumchumbia Teta. Rasimu yake, yaani michoro ya penseli kabla ya wino, ilikuwa tayari. Mkurugenzi aliisoma karatasi ya Shakila mara mbili na uso wake ukabadilika, lakini alikuwa na studio ya kuendesha.

"Pole sana, Shakila. Hii kitu iko mbaya. Lakini watu iko wanangoja harusi. Tukikata hadithi leo, watasema nini?"

"Tusimamishe kabisa," nikasema mimi. "Tuifute."

Ni Shakila aliyetupinga sote wawili. "Msiifute. Mkiifuta, waliosoma watabaki na Ganza yule yule kichwani. Endeleeni nayo, ila geuzeni upande. Mpaka sasa tunatazama na macho yake. Hakuna hata fremu moja tunayotazama na macho ya Teta."

Nikafungua sehemu za zamani kwenye simu, nikateremka, nikateremka. Alikuwa anasema kweli. Katika hadithi nzima tulimwona Teta kwa mbali, kwa mgongo, kupitia dirishani. Nilikuwa nimemchora kama anavyoonekana na mtu anayemwinda, na sikujua.

Shakila aliweka masharti. Sura yake isitumike, duka la baba yake lisichorwe, yaliyompata yasiingizwe bila yeye kukubali. "Na nikisema basi kwenye picha yoyote, ni basi. Msiniulize kwa nini." Mkurugenzi aliyaandika yote akayasaini mbele yetu.

Kisha akatuitia mshauri wa afya ya akili, mama mwenye ofisi Kagugu. Hapa kwetu kila mwezi wa Aprili, tunapowakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994, watu husikia neno ihahamuka, mshtuko wa zamani unaomrudia mtu na kumkamata mwili mzima, na huyo mama alikuwa amekaa na watu wa namna hiyo miaka mingi. Alituambia mapema kwamba hatapitisha mchoro unaotumia maumivu kama pambo. Nikamwonyesha rasimu yangu mpya: Teta analia kitandani, na juu yake kumbukumbu zimepangwa kwa mstari, nadhifu.

"Hapana," akasema. "Hofu hairudi kama sinema yenye mwanzo na mwisho. Inarudi kipande kipande: mlio wa mnyororo wa geti, harufu ya manukato. Na huyu binti usimchore akilia kila saa. Mchore akichelewa kazini kwa sababu amerudi mara tatu kuangalia kufuli. Mchore akicheka na rafiki zake, halafu simu inaita, na anaendelea kucheka lakini macho yameshaondoka."

Sijui kama nitaweza kuwaeleza vijana furaha ya miezi iliyofuata. Mada ilikuwa nzito, naam, lakini kila siku tulikuwa tunagundua jambo ambalo hatukuwahi kulichora. Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kumtoa Ganza kwenye fremu. Tulirudia mambo yale yale ya zamani, safari hii kutoka ndani ya nyumba. Maua mlangoni, na Teta ameyainamia akijiuliza geti lilifunguliwa na nani. Viatu viwili, vya kisigino na vya raba, na mkono unaochagua raba kwa sababu ndivyo anavyoweza kukimbia navyo. Simu imelazwa kifudifudi mezani, mwanga ukichungulia pembeni. Jirani mzee akimwambia Teta kwamba kijana ana adabu, maneno ambayo Shakila mwenyewe alikubali tuyaingize. Ganza mwenyewe haonekani popote, na bado amejaa kila mahali.

Halafu mfereji. Kwenye simu unaweza kuurefusha upendavyo. Baada ya fremu ya Teta akisikia mnyororo wa geti, niliacha weupe mtupu, mrefu, msomaji ateremke na ateremke bila kujua kuna nini chini. Chini kabisa nikaweka mlinzi wa jirani akifunga geti lake. Hakuna zaidi. Shakila aliijaribu akaniambia, "Tantine, ndivyo kabisa. Mara nyingi huwa si yeye. Na mwili hauamini kwamba si yeye." Nilimuuliza kama niiache. Alifikiri, akakubali. Fremu mbili nyingine alisema basi, nikazifuta hapo hapo, na hadithi haikupungukiwa kitu.

Mwanga wa asali aliufuta kwa mkono wake. Akaupeleka mahali pengine, kwenye meza ya mkahawa ambako Teta anakaa na mwenzake wa kazini, kijana asiye na maneno matamu anayemuuliza, "Nikusindikize, au ungependa kwenda mwenyewe?" Teta anasema atakwenda mwenyewe. Kijana anabaki kwenye kiti chake. Mkurugenzi alipoona hapo alisema, "Sasa hii iko mapenzi." Aliposoma ile ya mfereji mrefu aligeuka akatazama nyuma ya bega lake mchana kweupe, katikati ya ofisi yenye watu tisa. "Itatukosesha wasomaji," akasema. "Iwekeni."

Tuliwakosa baadhi. Waliandika kwamba tumemharibu Ganza wao. Lakini siku ya tatu alikuja mmoja akaandika kwamba amerudi kusoma sehemu ya kwanza na sasa inamtisha. Mwingine akaandika kwamba alikuwa anadhani ni bahati kupendwa hivyo. Baada ya hapo yalikuja maoni mengi, na Mkurugenzi akaweka mtu wa kuyajibu moja moja na kuwaelekeza wenye shida kwa washauri.

Msomaji aliyenigusa kuliko wote alikuwa Mzee Saidi, baba yake Shakila. Shakila alimpelekea simu yake dukani, akaiweka juu ya cherehani. Mzee alisoma yote, akavua miwani.

"Ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo, baba."

"Na mimi niko wapi humu ndani?"

"Wewe ni yule anayesema kijana ana adabu."

Shakila alinisimulia kesho yake kwamba mzee alikunja kitambaa alichokuwa akishona. Halafu akafunga duka, jua likiwa bado juu, akamwambia, "Twende. Chukua na ile karatasi." Wakaenda kushtaki polisi pamoja. Haikwenda haraka, na mara mbili waliambiwa warudi. Lakini mwandiko ulikuwepo, ujumbe wote ulikuwepo, na baba alikuwepo kwenye kiti cha pembeni kila walipoitwa. Mahakama ilimkuta yule mtu na hatia. Shakila hakupona siku hiyo. Miezi mingi baadaye bado alikuwa akibadilisha njia ya kurudi nyumbani, na hatukumwambia kwamba mambo yameisha. Alikuwa akiendelea kupaka rangi, na rangi zake zilikuwa zikizidi kuwa nzuri.

Nilistaafu macho yalipokataa kabisa mistari myembamba. Leo Shakila ndiye Mkuu wa Michoro pale Kimihurura, na wanafunzi wake wanamwogopa kidogo, jambo linalonifurahisha. Mimi nina nyumba ndogo Gahanga, maharage nyuma na wachoraji vijana mbele, maana huja Jumamosi kuniuliza wachoreje mtu mbaya. Nawaambia mbaya ni rahisi, kila mtu anaweza kumchora. Wamchore yule anayeishi na mbaya huyo kichwani, anavyonunua nyanya, anavyochagua kiti cha kukaa mkahawani ili auone mlango. Na kabla ya hapo, wamtafute anayejua, wamuulize kama yuko tayari kusema, na akikataa wamshukuru waende zao. Najuta kwamba nilichora miaka mingi kabla ya kujua hilo. Sijuti kwamba nililijua nikiwa mkubwa, kwa sababu sikuwahi kufurahia kazi kama nilivyoifurahia baada ya kukosea vile.

Na sijaacha. Nimenunua kalamu nene ambayo macho yangu yanaiona, na nimeanza hadithi yangu mwenyewe, bila Mkurugenzi. Ni ya bibi mmoja mjane wa huku Gahanga na mzee mmoja wa kwaya. Nimefika fremu ya arobaini na hawajashikana hata mikono. Jana mzee alimuuliza kama anaweza kukaa kwenye benchi lake. Bibi hajajibu. Mimi mwenyewe sijui atasema nini, nitajua kesho asubuhi nikishakunywa chai.