Anayefuata Hayupo

Katika mazoezi ya timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Wexley, mchezaji akianguka na kushindwa kuinuka, hakuna anayemkaribia isipokuwa mama wa tiba na mkoba wake. Kocha Rex Haverkamp hupuliza filimbi na kusema, "Yadi kumi." Timu nzima huchukua mpira, husogea yadi kumi mbele na kupanga mistari upya, migongo imemgeukia aliyelala. Kisha kocha husema, "Anayefuata," na mchezaji wa akiba huziba pengo. Mazoezi huendelea huku aliyeumia bado anauma kinga ya meno.

Haverkamp hakuibuni desturi hii. Timu nyingi za jimbo la Nebraska huifuata, na ukiuliza utaelezwa kwamba saa za mazoezi ni chache, na kwamba vijana wakikaa kumtazama mwenzao akilia wataingiwa na woga. Siku ya mechi, mbele ya watu, mambo ni mengine kabisa. Jumamosi mchezaji akiumia, timu zote mbili hupiga goti, helmeti mkononi, na uwanja mzima hunyamaza kama kanisani.

Colby Vondracek alisogea yadi hizo kumi kwa zaidi ya miaka mitatu bila kusema neno.

Ni mtoto wa wafuga nguruwe, mwenye shingo nene, sauti ndogo, na tabia ya kuomba radhi akikugusa bega kwenye foleni ya chakula. Alicheza safu ya mbele, miongoni mwa watano wanaojipanga bega kwa bega na kugongwa ili mrusha mpira asigongwe. Watu wa safu hiyo hawashiki mpira. Majina yao hutangazwa uwanjani pale tu wanapokosea. Wexley ilikuwa na tisa wa kazi hiyo, na Colby alikuwa wa tisa. Alijiunga bila ufadhili, akijilipia, na kila wiki alivaa fulana ya rangi ya wapinzani wanaokuja, akaiga mbinu zao ili watano wa kwanza wajifunze kwa kumgonga yeye. Alikuwa adui wa kila wiki, na Jumamosi adui wa kweli alipofika, yeye alikaa benchi.

Walimwita Spea. Jina alipewa na Lavelle Pruitt, aliyelala naye chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza. Lavelle alitoka Omaha, na ndiye aliyekuwa bora kuliko wote katika ile safu. Wasaka vipaji wa timu za kulipwa walikuwa wameshakuja mara mbili kumtazama, wakasimama ukingoni wakiwa na kahawa zao bila kumsemesha mtu.

"Tairi la spea halioni barabara mpaka jingine lipasuke," Lavelle alimwambia siku ile alipombatiza.

"Basi wewe endesha polepole, kaka," Colby akajibu, na utani ukabaki huo kwa miaka yote.

Vuli ya mwaka wao wa nne, matairi yalianza kupasuka. Wa kwanza aliumia bega, wa pili kifundo cha mguu. Wa tatu alipigwa kichwa akawa anauliza leo ni siku gani, akijibiwa anauliza tena. Haverkamp alisema redioni kwamba majeraha ni mtihani wa upana wa kikosi, na kwamba timu kubwa hujulikana kwa mtu wake wa mwisho. Maneno yalipendwa, na yalirudiwa kwa vinyozi na kwenye kaunta ya kahawa pale stoo ya nafaka.

Hakuna aliyemuuliza kikosi kilikuwa chembamba kwa sababu gani. Miezi michache kabla, nafasi za ufadhili zilizopaswa kwenda kwa vijana wakubwa wa safu ya mbele alizigawa kwa wakimbiaji, kwa sababu wakimbiaji hufunga na wanaofunga huletea uwanja watu. Wala hakuna aliyemuuliza wale majeruhi waliumia wapi. Walio wengi hawakuumizwa na mpinzani yeyote. Waliumia mazoezini, siku ya Alhamisi, siku ambayo timu nyingine hutembeza mbinu taratibu wakiwa na kaptura. Baada ya kufungwa mara ya pili, Haverkamp aliamuru Alhamisi iwe ya kugongana, vifaa kamili, kama adhabu. Mtihani aliutunga yeye. Waliofeli walitoka kwa machela.

Wa nne alipotoka na kidole kilichopinda nyuma, Colby akawa mmoja wa watano. Kila ngazi aliyopanda ilikuwa mgongo wa rafiki, naye alilijua hilo. Lakini angecheza. Jumamosi inayofuata ilikuwa mechi ya mwisho ya nyumbani, siku ya kuwaaga wa mwaka wa nne, ambapo mchezaji huingia uwanjani kati ya mama na baba yake na kumkabidhi mama ua. Alipiga simu nyumbani kusema ataanza. Mama yake, Bernadine, aliwaambia watu wote wa parokia. Baba yake, ambaye hajawahi kuwaacha nguruwe wake siku nzima kwa sababu yoyote isipokuwa msiba, alimwomba jirani awalishe.

Lavelle, wakati huo, alikuwa na goti lililovimba kwa wiki tatu. Asubuhi ya Alhamisi alikwenda ofisini kwa kocha kuomba apumzike mpaka mechi. Haverkamp hakukataa. Alimwuliza tu, kwa upole, nafasi yake akae nani. Lavelle alifikiri kidogo akaona kweli hakuna mtu, akarudi kufunga goti bandeji.

Jioni hiyo upepo ulivuma kutoka kwenye mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na vumbi la makapi liliingia machoni. Katika mgongano wa tano au wa sita, mlinzi mmoja alisukumwa akaangukia mguu wa Lavelle kwa nyuma. Mguu ulikuwa umekita chini. Waliokuwa karibu walisikia mlio, na kila mmoja aliueleza kwa namna yake. Colby alisema ulikuwa kama mtu anayevunja bua la mahindi.

Filimbi ililia. "Yadi kumi."

Walisogea. Kabla hajajua anachofanya, Colby naye alipiga hatua kama tatu, kwa mazoea. Kisha akarudi. Alivua helmeti, akakaa chini kwenye majani karibu na kichwa cha Lavelle, akamkinga macho na lile vumbi kwa kiganja.

Lavelle alikuwa analia na kutukana. Alipomwona akanyamaza. "Spea, nenda," alisema. "Mama yako kashatangaza kanisani. Nenda bwana."

"Nyamaza."

"Utaikosa Jumamosi, we mjinga."

"Nimekwambia nyamaza, Lavelle."

Huko mbele mistari ilikuwa imepangwa. "Anayefuata," kocha alisema. Hakuna aliyeingia. Alisema tena, kwa sauti ile ile, bila kugeuka, kama mtu anayebonyeza swichi iliyokufa. Ndipo akaitazama safu yake. Palikuwa na watu watatu na mapengo mawili.

Akatembea kurudi nyuma zile yadi kumi. Hakumtazama aliyelala.

"Vondracek, kule ndiko timu iliko."

"Sehemu nyingine ya timu iko hapa, Kocha."

"Usiposogea sasa hivi, Jumamosi utaangalia mechi kama wengine waliokata tiketi."

Colby alimwambia kwamba ameelewa. Alibaki pale pale. Mama wa tiba alikuwa anakata bandeji na hakuinua uso. Haverkamp aliondoka akawatoa watu wawili upande wa ulinzi, akaziba mapengo. Aliyepewa nafasi ya Colby alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza, Tanner Bohlen, ambaye hajacheza nafasi hiyo tangu azaliwe. Jioni ile alifundishwa pa kusimama. Namna ya kujikinga hakufundishwa na mtu.

Jumamosi Colby aliingia uwanjani kati ya wazazi wake, akampa mama yake ua, watu wakapiga makofi, kisha akaenda kukaa. Hakuwa amewaambia. Bernadine alijua alipoona watano wameingia na mwanawe si mmoja wao. Alilaza lile ua mapajani na kulitazama, kwa sababu wanawake wawili wa parokia walikuwa wamekaa nyuma yake na hakutaka kugeuka. Baba alishuka hadi kwenye uzio, akamwita Colby, akamwuliza kama anaumwa. Colby akasema haumwi. Mzee alitikisa kichwa, akarudi kwenye kiti, na kwa muda mrefu aliiangalia mechi bila kumwona mtu.

Lavelle alikuwepo pia, kwenye kiti cha magurudumu, kano za goti zimekatika, akisubiri upasuaji. Wasaka vipaji walikuja siku hiyo. Walipoambiwa, waliimalizia kahawa na kuondoka.

Bohlen alisimamishwa mbele ya mtu mwenye umri na uzito wa kumzidi, akapigwa chini kila mara. Aliinuka kila mara. Kila alipoinuka alitazama benchi, nao benchi wakatazama saa. Kabla ya mapumziko aliangukiwa na watu wawili, na hakuinuka tena. Alilala akipiga majani kwa ngumi.

Timu zote mbili zikapiga goti. Watu elfu kadhaa wakanyamaza. Vijana wale wale waliosogea Alhamisi yadi kumi walikuwa wameinamisha vichwa, na mmoja alifanya ishara ya msalaba. Haverkamp alipiga goti ukingoni, kofia kifuani.

Colby hakupiga goti. Alisimama, akavuka mstari, akatembea hadi katikati ya uwanja. Watu wa jukwaa la mashariki walianza kumzomea, wakidhani ni dharau. Bernadine anasema hilo ndilo linalomkera hadi leo. Colby alifika kwa Bohlen, akakaa chini kama alivyokaa Alhamisi, akamshika ile ngumi.

"Mguu wangu," Bohlen alisema. "Usiondoke."

"Siondoki, dogo."

Mwamuzi alimwita kocha achague mtu wa kuingia. Haverkamp alitazama benchi lake. Alitazama la ulinzi, ambalo alikwisha kuliibia watu wawili. Kisha akaita kwa mkono. "Vondracek. Helmeti. Ingia."

Kwa zaidi ya miaka mitatu mtu huyu alikuwa amesubiri maneno hayo matatu. Alimjibu akiwa amekaa, na waliokuwa wamepiga goti karibu walisikia kila neno.

"Nitaingia, Kocha. Lakini wewe njoo hapa kwanza."

"Unasema nini?"

"Njoo umwone. Umwite jina lake. Ukishamwona, naingia."

Haverkamp alikawia. Upana wa kikosi chake ulikuwa umekwisha. Baada ya huyu hapakuwa na anayefuata. Akaja. Alitembea umbali ule wote kwa miguu iliyokakamaa, na alipofika, jukwaa likaanza kumpigia makofi. Alipiga goti. Alimwita Bohlen kwa jina la Tyler. Colby akamsahihisha: ni Tanner. Kocha akasema Tanner, akamgusa bega, na makofi yakazidi. Hapo ndipo mpiga picha wa gazeti la mji alipobonyeza.

Colby alicheza mpaka mwisho. Waliomkabili wanasema alikuwa anagonga kama mtu anayevunja mlango wa nyumba yake mwenyewe. Hakuna aliyempita. Wexley ilifungwa hata hivyo, na mechi ilipokwisha alivua vifaa akaviacha mlangoni pa stoo, akaenda kuwatafuta wazazi wake. Nilipomwuliza baadaye kama alifurahia walau siku moja ya kucheza, alinitazama kana kwamba nimemwuliza kama alifurahia mazishi kwa sababu chakula kilikuwa kizuri.

"Alhamisi iliyofuata walisogea tena," alisema. "Mechi ilibaki moja. Walikuwa wanasogea kwenda wapi?"

Siku hizi anaendesha lori la nafaka. Lavelle alifanyiwa upasuaji mara mbili, na hakuna timu ya kulipwa iliyompigia simu. Anafundisha shule ya sekondari huko Omaha, na akipanda ngazi hushika ukuta. Haverkamp aliongezewa mkataba.

Ile picha aliipenda sana. Iliwekwa kwenye ukuta wa kuingilia jumba la mazoezi, kubwa kuliko mlango, ili wazazi wanaoleta watoto waione kabla ya kitu kingine chochote: kocha amepiga goti, mkono begani kwa kijana aliyeumia, uso umejaa huzuni. Chini yake wameandika, HAPA HATUMWACHI MTU. Katika picha halisi watu walikuwa watatu. Katika hii ya ukutani Colby amekatwa pembeni, na kilichobaki kwake ni mkono mnene ulioshika ngumi ya Bohlen, unaotokea ukingoni kama wa mtu aliye chumba kingine.

Vuli iliyopita Lavelle alialikwa chuoni kwenye siku ya wachezaji wa zamani, naye akamlazimisha Colby aende naye. Walisimama mbele ya ule ukuta huku familia zikipita. Baba mmoja alikuwa anamsomea mwanawe yale maandishi kwa sauti. Lavelle aliitazama picha, akiegemea mguu mzima.

"Spea," alisema mwishowe. "Hata kwenye picha wamekusogeza yadi kumi."

Colby hakucheka. Alimgeukia yule baba, akaomba radhi kwa kumgusa bega kama kawaida yake, akamwuliza kama mwanawe anacheza nafasi gani. Baba akajibu kwa fahari kwamba ni safu ya mbele.

"Mwulize kocha nani anafuata baada yake," Colby alimwambia. "Umwulize leo, kabla hujasaini fomu ya kumsajili. Na usiondoke mpaka akujibu."