Chungu Kilichopasuka Kilikuwa Changu

Sikutaka kuandika haya. Mwalimu mkuu alikuja kibandani kwangu mara tatu, na mara zote tatu nilimwambia mkono wangu umezoea udongo, kalamu haiujui. Hakusikia. "Bibi, ukurasa mmoja tu. Mwalimu Madoa anastaafu, tunamtengenezea kitabu kidogo cha kumuaga. Wewe ulifanya naye kazi. Andika maneno mazuri." Maneno mazuri! Kana kwamba nayachota mtungini. Nimesoma madarasa mawili, na la pili sikulimaliza. Lakini kaning'ang'ania, basi na asome atakachokipata.

Mwalimu Madoa alikuwa mwalimu wa sanaa katika shule iliyo ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda ninapofinyangia na kuuzia vyungu vyangu. Jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu ya mashati yake. Kola ina bluu, kifua kina gundi iliyokauka, na mkononi kuna kitu ambacho hata yeye hakikumbuki. Mkewe, muuguzi, alikuwa akipita kwangu kununua mitungi ya maua, akaniambia siku moja, "Bibi, wenzangu wameolewa na waume, mimi nimeolewa na ukuta unaopakwa rangi." Akacheka mpaka akashika mbavu.

Anatumia mkono wa kushoto. Utotoni walimchapa kwa ajili hiyo hadi vidole vikavimba, na ndiyo sababu, aliniambia mwenyewe, hajawahi kumshika mtoto mkono ili kumwelekeza. Alisimama nyuma ya mtoto, mikono mgongoni, akauliza, "Hapa ulitaka iwe nini?" Mtoto akisema ni ng'ombe, basi ni ng'ombe, hata kama ana miguu mitano.

Chumba chake kilikuwa cha mwisho, karibu na vyoo, dirisha moja limezibwa kwa ubao. Vifaa havikuwepo. Gundi aliipika kwa unga wa ngano. Rangi nyekundu aliisaga kutoka kwenye tofali bovu, nyeusi kutoka kwenye makaa, na brashi zilikuwa vijiti vilivyotafunwa ncha. Watoto wa darasa la saba, umri ule ambao mtoto anaona hata kukusalimia ni adhabu, walikikimbilia chumba kile kama wanaogawiwa peremende.

Mimi niliona ni mchezo. Nikamwambia, "Mwalimu, watoto wa watu wameletwa kusoma, wewe unawafundisha kuchezea uchafu?"

Akajibu, "Basi njoo utufundishe kuuchezea vizuri, Bibi. Nani anaujua udongo kuliko wewe?"

Akanipata hapo hapo. Mwenye majivuno humvuti kwa kamba, unamsifu tu, anakuja na miguu yake.

Muhula mzima nilikwenda kila Jumanne na Alhamisi. Watoto walikuwa arobaini na mmoja. Niliwafundisha kuuponda udongo na kuutoa vijiwe, kuusokota kama kamba na kuupandisha mzingo juu ya mzingo, kuusugua kwa mgongo wa kijiko, kuuanika kivulini. Na niliwafundisha jambo moja ambalo mama yangu alinifundisha kwa kofi: kabla ya kuchoma, weka chombo chako shavuni. Kikiwa na ubaridi, ndani bado mna maji. Maji yakipata moto yanatafuta njia ya kutoka, na yasipoiona yanapasua. Na chombo hakipasuki peke yake, kinapasuka na majirani.

Mjukuu wangu, binti wa binti yangu, alikuwa darasa hilo. Wote walimwita Kasuku kwa jinsi anavyosema. Mmoja alifinyanga kiatu cha mama yake, na kisigino kilicholika upande, ungeapa kimetoka barabarani. Mwingine kengele ya shule. Kasuku alifinyanga kichwa changu, kilemba na yote, mdomo wazi.

"Mbona mdomo uko wazi?" nikamuuliza.

"Bibi, nikiufumba hawatajua ni wewe."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Jumamosi ya mwisho wa muhula palikuwa na maonyesho. Wazazi wangekuja, na afisa elimu. Mwalimu mkuu alikuwa amesema wazi: afisa akipendezwa, somo la sanaa litabaki, asipopendezwa, vipindi vyake vitapewa hesabu, maana alama za hesabu zilikuwa zinatia huruma. Mwalimu Madoa hakulala vizuri wiki ile, macho yake yalionyesha. Mimi nilikuwa nimefinyanga chungu kikubwa cha kukaa katikati ya meza, kila aingiaye aanze nacho.

Jumatano jioni nikakikuta na ufa, kutoka mdomoni hadi tumboni. Kitu ambacho hakikunipata kwa miaka thelathini. Ningewaambia watoto, "Tazameni, hata Bibi udongo humgeuka," mwalimu angefurahi kuliko maonyesho yenyewe. Sikuweza. Mimi? Mbele ya vitoto? Nilikifunika kwa kitambaa, nikakipeleka nyumbani, nikakivunja uani, na jioni ile ile nikafinyanga kingine cha kimo kile kile. Alhamisi sikwenda darasani, kutwa nilikizungusha kando ya jiko kama kuku wa kuchoma. Ijumaa asubuhi kilikuwa kimepauka kama vya watoto. Lakini kitako nilikifanya kinene, na kinene hakikauki kwa siku moja. Nilijua. Msije mkanitetea kwamba nilizeeka nikasahau. Nilijua.

Shimo la kuchomea lilikuwa nyuma ya darasa. Watoto walipanga kuni, kila mmoja akaweka chake shavuni kabla ya kukishusha. Kasuku akaja akaegemeza shavu kwenye chungu changu.

"Bibi, mbona hiki cha baridi?"

"Shavu lako limepoa kwa maneno mengi. Lete kuni."

Wenzake wakamcheka. Akaenda kuleta kuni.

Mwalimu akasogea, akapitisha kiganja cha kushoto chini ya kitako. Kiganja kikakaa hapo. "Bibi," akasema taratibu, "tungechoma vya watoto kwanza, hiki tukakipa siku mbili zaidi?"

"Mwanangu, nilikuwa nachoma vyungu kabla mama yako hajaota meno. Chungu changu kinakaa katikati."

Akaniangalia. Akawaangalia watoto, ambao walikuwa wanatuangalia. Shimo lilikuwa lake, darasa lake, angeweza kukataa. Lakini alilelewa vizuri, na mimi nilijua kalelewa vizuri. Akakibeba mwenyewe kwa mikono miwili, akakiweka katikati.

Moto haukuwa umemaliza nusu saa. Mlio wa kwanza ulikuwa kama mlango uliobamizwa na upepo. Kisha ikaja midogo midogo, ta, ta, ta, na rundo zima likazama. Jioni, majivu yalipopoa, tulivitoa kimoja kimoja. Kati ya arobaini na kimoja, vizima vilikuwa vitano. Kiatu kilitoka vipande vitatu, kisigino kikiwa peke yake, na mwenyewe akakiweka mfukoni. Kichwa changu hakikuonekana kabisa.

Mwalimu mkuu akaja mbio. "Nani aliyepanga moto huu?"

Watoto walitazama majivu. Kasuku alinitazama mimi. Mimi nilianza kukaza kitambaa kiunoni, nikakikaza, nikakifungua, nikakikaza tena.

"Ni mimi," akasema Mwalimu Madoa. "Moto ni wangu."

"Huu ni uzembe!" Mbele ya watoto wake. Naye akainamisha kichwa kama mwanafunzi. Mdomo wangu, ambao mtaa mzima unaujua, ambao unaweza kumfukuza mteja anayetaka bei ya bure mpaka kituo cha basi, siku hiyo ulikosa hata neno "ngoja".

Jumamosi afisa alikuta meza tupu na vyombo vitano. Barua ya uzembe ikaingia kwenye faili la mwalimu. Sanaa ikafutwa, chumba kikawa stoo ya madawati mabovu. Yeye akapewa hesabu za darasa la nne, na amezifundisha miaka minane. Mashati yake yakawa meupe. Meupe kabisa, kola mpaka mikono. Kila nilipoyaona nilitamani barabara ipasuke. Mkewe bado alinunua mitungi, lakini ile kuchekacheka iliisha.

Kila asubuhi aliyovuka barabara alisema, "Shikamoo, Bibi." Nami nikaitika, "Marahaba, mwanangu." Miaka minane. Hebu hesabuni nyinyi mliofaulu, ni marahaba ngapi nilizokula bila haki.

Mara moja nilijikaza. Nilichukua chungu changu bora, nikaenda kwake. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Akakipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, Bibi, umejisumbua." Nikafungua mdomo, kikatoka hiki: "Kina kitako kizuri." Nikageuka, nikarudi nyumbani.

Kasuku hakunisema kwa mtu. Sasa ni mtu mzima. Mwaka jana nilimkuta anaficha sahani aliyoivunja ya jirani, nikaanza kumfokea. Akaniambia kwa upole, "Bibi, kuficha nilifundishwa na nani?" Sijamfokea tena tangu siku hiyo.

Haya, mwalimu mkuu, mimi sina maneno mazuri, nina haya. Moto ulikuwa wake, ila chungu kibichi kilikuwa changu, na alinionya, nami nikatumia uzee wangu kumfunga mdomo. Wewe ndiye uliyeandika ile barua. Usikate hata mstari mmoja wa karatasi hii. Siku ya kumuaga isome kwa sauti, wazazi wakiwepo na waliokuwa darasa lile wakiwepo. Mimi nitakaa mbele, sitajifunika uso. Ukimaliza, fungua faili lake, toa ile barua, andika nyingine inayosema kosa ni la nani. Niletee kibandani niisome mwenyewe kabla hujaigonga muhuri. Nasoma polepole. Utasubiri.