Bunduki Isiyokosa

Wengi niliokutana nao njiani, huko Kongolo, Kindu na kwenye meli za mtoni, wakisikia kwamba niliwahi kuwa mwindaji wa kambi, hutaka kujua bunduki ya kizungu inapiga mpaka wapi. Huwajibu kwamba inapiga mbali sana. Hufurahi, na mazungumzo huishia hapo. Mimi nina miaka arobaini na kitu, sina nyumba, na nikitamani nyumba ni ile moja tu iliyokuwa Kabambare, yenye mpunga nyuma yake.

Nilisoma sekondari kwa mapadri wa Kasongo, kisha nikaandikwa karani katika kambi ya machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila. Siku hizo mtu mweusi, hata mwenye kibali cha serikali, alikuwa na gobori tu, ile bunduki ya kushindilia baruti mdomoni. Lakini wachimbaji walipaswa kula nyama kila juma, na mzungu aliyekuwa akiwawindia alikuwa amerudi kwao na homa. Mkuu wa kambi akatafuta mtu anayejua kusoma, asiyekunywa, na mwenye baba mwindaji. Nilikuwa mimi.

Siku ya kunikabidhi bunduki alitoa meza nje ya ofisi, akaweka juu yake mfuko wa mchanga, akaulaza mtutu kwenye mfuko. Hatua mia moja mbele, kwenye kichuguu, alikuwa amebandika karatasi. Akaketi kitini, akavuta pumzi, akaitoa nusu, akapiga. Mara tatu. Tulipokwenda kutazama, matundu yalikuwa yamekaribiana hata akayafunika yote kwa kifuniko cha kopo lake la tumbako.

"Umeona," akasema. "Bunduki hii haikosi. Nyama isipokufa, usiisingizie."

Meza niliiona kwa macho yangu, na kiti, na mfuko wa mchanga. Sikuvifikiria hata kidogo. Nilifikiria kile kifuniko.

Alinipa risasi tano kwa juma, na kwa kila risasi alitaka mkia. Nikaenda kwenye mbuga zilizo kati ya kambi na Wamaza, ambako majani humfika mtu kifuani na asubuhi yamelowa kama yametoka mtoni. Huko hakuna kiti. Unatembea saa tatu, unakimbia umeinama, unasimama ghafla kwa sababu ukipiga goti huoni kitu, na moyo unakugonga mpaka mtutu unapanda na kushuka nao. Mnyama yuko hatua mia na hamsini na ameshaanza kugeuka. Juma la kwanza nilirudi na mikia miwili. La pili, mmoja, na mbogo aliyeingia msituni na damu yake tusimpate tena.

Mkuu hakunikaripia. Alisema kwamba kama risasi sikuziuza, basi nitafute kinachonisumbua, maana mwezi ukiisha bunduki ingepewa mwingine. Hilo neno, kinachonisumbua, nikalibeba mpaka kwa baba.

Baba na kaka yake walikuwa wawindaji wa gobori tangu ujana. Mwenye gobori hapigi kwa mbali. Anatambaa kwa tumbo mpaka aone kope za mnyama. Hatua kumi na tano, ishirini zikizidi. Kwa umbali ule mtu akikosa, kweli kuna jambo la kuuliza, na sheria ya wawindaji wa kwetu ilikuwa kwamba swali linaulizwa nyumbani kwa mwindaji. Mke aliyelala na mwingine, au aliyeficha ugomvi moyoni, amefunga bunduki ya mume. Dawa yake ilikuwa nyepesi. Anakaa kwenye mkeka mbele ya wakubwa wa mume, anataja jina, kuku mweupe anachinjwa, damu inapakwa kwenye kitako cha bunduki, watu wanakula. Hapigwi, na mara nyingi mume hata kinyongo hana. Mama yangu nilimwona kwenye mkeka ule mara tatu. Siku hizi nadhani alitaja jina lolote lililomjia, na akipenda zaidi la mtu aliyekwisha kufa.

Hakuna aliyesema kwamba zile ni hatua ishirini na hizi ni mia na hamsini. Mimi niliyefundishwa hesabu sikusema.

Mke wangu alikuwa binti wa Wamaza, tulikuwa na miaka miwili pamoja. Alikuwa mtu wa maneno machache, mkulima hodari wa mpunga, na alipenda kucheka viatu vyangu vya ukarani. Alipoitwa kwenye mkeka alikuja na mikono bado ina unga wa mihogo. Shangazi yangu ndiye aliyeanza, kwa upole, kama anayemfundisha mapishi.

"Mwanangu, sema jina moja tu, kuku achinjwe, tukapike. Mimi nilishasema majina manne, na mume wangu alikuwa na bunduki moja."

Watu wakacheka. Mke wangu akasema hakuna jina. Shangazi akamwambia basi ataje ugomvi, hata wa chumvi. Akajibu kwamba hatukugombana.

Ndipo baba mkubwa akasema, "Bunduki ya mzungu haikosi, mwenyewe alionyesha. Bunduki iko mzima, mkono wa mtoto wetu iko mzima. Sasa kimebaki nini?"

Wote wakamtazama mke wangu. Yeye akanitazama mimi.

"Na wewe unasema nini?"

Nikamwambia, "Sema tu, iishe."

Nilidhani ninamhurumia. Alifikicha unga vidoleni.

"Nikitaja jina, huyo atakuwa mutu kweli," akasema, "na kwake iko bibi, iko watoto. Sitasema."

Akasimama, na kwa kuwa wote walikuwa wamekaa pembeni kwenye viti na mkeka ulikuwa wake peke yake, akaukunja na kuuegemeza ukutani.

Kwa sheria ileile, mwanamke akikataa kusema, bunduki inabaki imefungwa maadamu yumo nyumbani. Baba hakunilazimisha. Alisema tu kwamba mwezi ulikuwa umebaki majuma mawili. Siku ya pili nikamsindikiza mke wangu mpaka njia panda ya Wamaza, na jembe lake na sufuria yake, nikamwambia akapumzike kwa wazazi mpaka mambo yatulie. Hakuniuliza ni mambo gani.

Jumatatu iliyofuata nikaangusha swala kwa risasi ya kwanza. Ilimpata shingoni. Kambi nzima ilishangilia, na baba akatuma mtu kuniambia kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Sikumwambia mtu yeyote kwamba nilikuwa nimelenga bega.

Juma lililofuata, katika risasi tano nilikosa tatu, na nyumbani sina mke wa kuuliza. Baba akasema bunduki bado inamkumbuka.

Ungefikiri hapo ningezinduka. Hapana. Nilizinduliwa na mkuu wa kambi, aliyetaka siku moja kuwinda mwenyewe. Nilimwongoza, bunduki ileile ikiwa begani kwake. Tukamkuta mbawala amesimama ubavu wazi, kama amepangwa. Mkuu akasimama kwenye majani kama ninavyosimama, akihema kama ninavyohema, akapiga. Akakosa. Akakosa tena. Ya tatu mnyama alikuwa ameshapotea. Baadaye nilipima kwa miguu: hatua mia na kumi.

"Upepo," akasema, akawasha tumbako yake.

Hakuna jani lililokuwa likitikisika. Na hakuna aliyekwenda kumtandikia mkeka madamu, mke wake.

Nikamwomba risasi tano za kujaribia, naye kwa aibu au kwa wema akanipa. Nikatundika ungo mbovu kwenye kichuguu, nikakimbia kama mtu anavyomkimbilia mnyama, nikasimama, nikapiga. Mbili za kwanza kwa hatua mia na hamsini: ungo haukuguswa. Tatu kwa hatua themanini: zote zimo, lakini zimetawanyika, moja ikiwa imefumua ukingo. Basi. Kwa mtu aliye kwenye miguu yake, anayehema, bunduki ile ilikuwa na uhakika wa upana wa ungo kwa hatua themanini. Kupita hapo ni kuomba. Tangu siku ile nilitambaa kama baba mpaka nifike themanini, au nilimwacha mnyama aende zake. Nikaleta mikia minne kwa risasi tano. Mkuu akasema anaona kumbe nilikipata kilichokuwa kinanisumbua, akaniachia bunduki.

Nikapeleka ungo Wamaza kwa baiskeli.

Mke wangu alikuwa uani kwao akianika mpunga, baba yake ameketi kando. Nikamwamkia mzee, nikauweka ungo chini, nikaeleza yote: meza, mfuko wa mchanga, gobori na kope, pumzi, hatua nilizopima. Nilieleza vizuri, kama kwenye mtihani. Nikasema kwamba sasa nina ushahidi hakufanya lolote, na nimekuja kumchukua.

Aliuokota ungo, akapitisha kidole katika kila tundu.

"Hizi ni zile tatu za karibu," akasema.

"Ndiyo."

"Na zile mbili za mbali. Kama zingeingia, leo ungekuja?"

Nikaanza kusema habari ya upepo. Nilijisikia mwenyewe nikilitamka neno hilo, nikanyamaza. Alingoja muda mrefu kuliko nilivyostahili. Kisha akaurudisha ungo mikononi mwangu, bila hasira, akaendelea kusawazisha mpunga wake kwa kiganja. Baba yake akaniambia nile kwanza kabla ya safari. Bukari, ugali wetu wa mihogo, ililetwa, nikanawa mikono, nikashindwa kumega.

Kabla ya mavuno mengine aliolewa Kabambare, katika ile nyumba yenye mpunga nyuma yake, na mtu wa kulima, asiyekuwa na bunduki ya aina yoyote. Mimi niliirudisha ile ya kambi mwezi uleule. Mkuu alishangaa, akasema sasa ndipo nimeanza kulenga.