Vema Nilizompa Alistidia

Kwanza mjue mimi ni nani, maana katika habari hii msimuliaji ndiye mkosaji. Naitwa Protase Rugaibula. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na nane, na tangu nistaafu naishi Hamugembe, mjini Bukoba, katika nyumba iliyozungukwa na migomba yangu mwenyewe. Wanafunzi wangu wametapakaa: mapadri, mahakimu, mmoja ni rubani. Hao nilikuwa nikiwataja kwa kila mgeni hata kabla hajaketi. Mke wangu Annastella huniambia kwamba siku nikifa padri atakosa la kuhubiri, kwa sababu sifa zangu nitakuwa nimezimaliza mwenyewe.

Alistidia nilimfundisha kidato cha pili, nilipokuwa bado Muleba. Alikuwa msichana wa Kishanda, mrefu, mkimya, anayeandika herufi ndogo ndogo kana kwamba karatasi ameiazima. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Nasema kweli, alikuwa wa aina ile ambayo mwalimu huisahau, na mimi nilimsahau.

Yeye hakujisahau. Baba yake alipofariki alirudi nyumbani akalima na mama yake, kisha akaenda chuo cha kilimo kutafuta cheti. Akaajiriwa kuwa bibi shamba katika kata za kwao. Akaolewa na Kagaruki, mchuuzi wa dagaa ambaye kati ya wiki nne za mwezi, tatu anazimalizia kisiwani Bumbire. Akazaa watoto watatu. Na katikati ya ujauzito na masika na vikao vya kata akaendelea kusoma: stashahada, shahada, na uzamili alipofika miaka arobaini. Watu walimcheka kidogo. Walisema huyu mama atazikwa na sare ya shule.

Jambo lililomfanya asitulie lilikuwa mnyauko wa migomba. Ugonjwa ule ulipoingia kwetu, agizo lilikuwa kwamba ukiona mgomba mmoja umeumwa, ung'oe shina zima, mama na watoto wake wote. Mhaya ukimwambia ang'oe shina alilopanda babu yake, ataitikia "ndiyo" na hatang'oa. Kibanja, lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba, ndicho chakula, ndicho heshima, na ndimo walimolala wazazi. Kwa hiyo watu walikuwa wanaficha migomba iliyoumwa, na ugonjwa ukazidi kutembea. Alistidia akapita nyumba kwa nyumba akiwafundisha njia nyingine: kata ule ulioumwa peke yake, usawa wa ardhi, kwa panga lililopitishwa motoni, iache mingine, uichunguze kila wiki. Alifanya hivyo miaka minane na kuandika kila kitu kwenye madaftari. Vibanja vingi vya Kishanda vikarudi kuzaa.

Taarifa yake ikamfikia profesa mmoja wa ng'ambo. Profesa akamwandikia: njoo ufanye shahada ya uzamivu juu ya jambo hilo hilo, ufadhili upo. Masharti yalikuwa mawili. Awe hajatimiza miaka arobaini na mitano, naye angeitimiza Januari. Na afaulu mtihani wa Kiingereza, sehemu ya msamiati na sehemu ya kusoma.

Ndipo akanikumbuka mimi.

Alikuja Juni, akapiga goti kunisalimia. "Shikamoo Mwalimu. Waitu, nimekuja unifungue macho."

Waitu ni neno letu Wahaya la kumheshimu mtu, na kichwa changu kikavimba papo hapo. Tukakubaliana Jumamosi. Akawa anatoka Kishanda alfajiri, saa nne yuko barazani kwangu na daftari lake. Msamiati ndio ulionipendeza, kwa sababu maneno makubwa ya Kiingereza ndiyo fahari yangu tangu ujana. Nilimpa maneno arobaini kila wiki, maana yake, kinyume chake, na sentensi moja moja. Aliyameza yote. Alikuwa akiyarudia njiani akiwa juu ya pikipiki, mpaka dereva mmoja wa bodaboda akamuuliza kama anafanya sala ya kulokoka.

Sehemu ya kusoma niliiweka nyuma. Niliona ni jambo dogo. Mtu anayejua maneno atashindwaje kusoma? Mwezi wa tisa ulipoingia, Alistidia mwenyewe ndiye aliyechapisha zoezi kutoka kwenye mtandao akaniletea. Habari ilihusu kahawa. Mwandishi alisema kwamba kahawa hupenda jua tupu, na kwamba wakulima wadogo wa nchi zetu huiacha kivulini kwa kutojua.

Alistidia akacheka hadi akaweka kalamu chini. "Mwalimu, huyu anasema sisi hatujui."

"Amewahi kuchuma hata debe moja?" nikamuuliza.

"Hata kikombe, waitu."

Mezani kulikuwa na kisahani cha kahawa ya kutafuna, ile tunayomkaribishia mgeni, na nyuma yetu mibuni ilikuwa chini ya migomba kama ilivyokuwa tangu enzi za baba yangu. Tulimcheka yule mwandishi kama watu wanaomcheka mgeni aliyevaa kanzu nyuma mbele. Kisha tukafika kwenye maswali. La kwanza liliuliza: kwa mujibu wa mwandishi, kwa nini wakulima wadogo huacha kahawa kivulini? Jibu moja lilisema kwa kutojua. Jingine lilisema kivuli hutunza unyevu wa udongo. Alistidia akachagua unyevu wa udongo. Mimi, Protase Rugaibula, mwalimu wa mapadri na mahakimu, nikachukua kalamu yangu nyekundu nikaweka vema.

Maswali yalikuwa sita. Alijibu yote kwa namna ile, kama binti wa mkulima wa kahawa, nami nikaweka vema sita.

Annastella alikuwa kando akimenya ndizi, naye Kiingereza anakijua, kwa sababu alikuwa karani wa misheni. Akasema, "Baba Joyness, mbona mwandishi kasema vingine?"

"Mwandishi ni mwongo," nikamjibu.

"Sawa, ni mwongo. Lakini wamemuuliza mwandishi kasema nini."

Nikamwambia aangalie ndizi zake. Alistidia akainama akaandika juu ya karatasi, kwa herufi zake zile ndogo: sita kwa sita.

Mwishoni mwa Septemba akapanda meli kwenda Mwanza, ambako mtihani ulifanyika kwenye kompyuta. Aliporudi hakwenda kwao kwanza. Alitoka bandarini moja kwa moja mpaka barazani kwangu, begi bado mkononi, uso unang'aa.

"Mwalimu, Mungu ni mwema! Unajua habari ya kusoma ilikuwa ya nini? Migomba! Mnyauko wenyewe!"

Nikapiga makofi. Akaketi akaanza kunisimulia.

"Mwandishi yule ni wa mtindo wa zamani, anasema mgomba mmoja ukiumwa shina zima ling'olewe. Wakauliza hatua ipi inafaa kuchukuliwa. Nikachagua kukata ule mgonjwa peke yake. Wakauliza tena kwa nini wakulima hukataa, yeye anasema ni uvivu. Uvivu! Nikachagua lile jibu la chakula cha familia."

Alikuwa akizungumza kwa furaha. Nilijua. Hakuna aliyenieleza, maneno ya Annastella ya wiki chache tu nyuma yalinirudia yote na nikayaelewa: mtihani huuliza alichosema mwandishi, si kilicho kweli. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Maswali yalianza na maneno gani?"

"Yale yale, Mwalimu. Kwa mujibu wa mwandishi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Badala yake nikamwambia akapumzike, safari ya ziwani inachosha.

Matokeo yalikuja baada ya wiki mbili. Msamiati alipata alama ishirini na tisa kwa thelathini. Watu wachache sana hufika hapo. Kusoma kulitaka ishirini na mbili. Alipata kumi na tisa.

Alinipigia simu, hakulia. Alisema kwamba chuo kinamruhusu kurudia mara moja, mradi ajiandikishe kabla ya Desemba kwisha. Kisha akasema, "Lakini Mwalimu, nimesoma habari ya kazi yangu mwenyewe na sikuielewa. Habari ya migomba! Ingekuwa ya nyota au ya magari ningejipa moyo. Nadhani Kiingereza changu hakitoshi."

Ningeweza kumwambia: mwanangu, uliielewa kuliko aliyeiandika, kosa ni moja tu, na linarekebishika kwa Jumamosi mbili. Maneno ndiyo hayo, hata pumzi moja hayamalizi. Lakini ningemwambia hayo, ningelazimika kumwambia na nani aliyemfundisha kosa lile. Nikasema, "Lugha ya watu ni ngumu, mama."

"Kweli, Mwalimu," akajibu. "Asante kwa kujitahidi nami."

Oktoba ikapita. Novemba nikajidanganya kwamba ana mvua na vikao, nisimsumbue. Annastella aliniuliza mara tatu: "Umemwambia?" Mara ya kwanza nikasema bado, mara ya pili nikakasirika, mara ya tatu nikaenda kupalilia mahali palipopaliliwa jana yake. Siku mbili kabla ya Krismasi akaja mtu wa bodaboda na mkungu mkubwa wa ndizi na kuku mwekundu. Zawadi kutoka Kishanda, ya kumshukuru mwalimu.

Annastella akauangalia mkungu, akaniangalia mimi. "Hizi ndizi mimi sizipiki mpaka uende."

"Nitakwenda baada ya sikukuu."

"Desemba haisubiri sikukuu zako, Baba Joyness."

Nikajitetea kwamba usafiri wa Krismasi ni shida, kwamba hata wao watakuwa na wageni. Ukweli ni kwamba niliogopa mwanamke aliyenipigia goti asije akasimama. Mkungu ukaivia jikoni, ndizi za kupika zikageuka njano moja moja, na mke wangu akampa jirani mwenye mbuzi.

Nilikwenda tarehe nne Januari. Waswahili husema majuto ni mjukuu. Wangu alikuwa amekwisha kuhamia nyumbani na mizigo yake. Nilipanda basi mpaka Muleba, kisha pikipiki mpaka Kishanda. Alistidia alikuwa uani akianika maharage. Aliponiona alifuta mikono akapiga goti.

"Mwalimu! Ungesema unakuja, tungechinja."

Nilimwambia ainuke. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kofia mkononi: zile vema sita za uongo, swali la Annastella, siku ile aliyotoka bandarini, simu ile. Nilimwambia kwamba kila jibu alilokosa Mwanza ni mimi niliyelifundisha barazani kwangu.

Alichambua maharage mabovu kwa kidole. Mwishowe akauliza, "Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

"Kabla ya matokeo?"

"Kabla ya matokeo."

Akahesabu kimoyomoyo, nikaona midomo ikicheza. "Ungeniambia hata tarehe thelathini, Mwalimu. Kwenye simu hii hii ningejiandikisha."

Niliona haya mpaka nikatamani anitukane, anifukuze na fagio, majirani waone. Hakufanya hivyo. Aliniletea kiti, akanipa chai ya maziwa na viazi, kwa sababu mgeni hatoki kwao na njaa hata akiwa mimi. Aliniambia profesa amekwisha kupata mtu mwingine, kutoka nchi nyingine, na kwamba amemtumia mtu huyo nakala za madaftari yake ili kazi isipotee. Alisema hayo bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Siku hizi taarifa za Kiingereza zikija ofisini, za dawa na za utafiti, nampa Mwesiga azisome kwanza. Ni mwenzangu, amemaliza chuo juzi. Yeye ananieleza, ndipo nami nawaeleza wakulima. Naogopa nitasoma vibaya niwaharibie vibanja."

Nikaweka kikombe chini. Mwesiga simfahamu, lakini najua vijana wanaomaliza vyuo juzi, na najua nani katika wilaya ile anaufahamu mnyauko. Nikamshika mkono, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mwanafunzi, nikamwambia, "Alistidia, unasoma vizuri. Sikia ninavyokwambia. Unasoma vizuri kuliko mimi, kuliko Mwesiga, kuliko yule aliyeandika mtihani. Hakuna kilichopungua kwako."

Alinitazama kwa upole, vile tunavyowatazama wazee wanapojaribu kutufariji.

"Wakola waitu, Mwalimu," akanishukuru, akanimiminia chai nyingine, na nikaona wazi kwamba hakuniamini.